Malindi au Lamu? Likizo ya Agosti na mtoto wa miaka sita

Nianze na jibu, maana najua kuna anayesoma haya akiwa kwenye foleni ya tiketi. Ukiwa na siku tatu au nne, nenda Malindi. Ukiwa na wiki nzima, na mtoto anayeweza kutembea nusu saa bila kudai abebwe, nenda Lamu. Mtoto wa chini ya miaka minne ni Malindi, na hilo sibishani na mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi na mama yangu bado anaishi mtaa wa Barani, huko huko Malindi, kwa hiyo upendeleo ninao na sitauficha. Binti yetu ni mtoto wa Nairobi, amezaliwa huko na Kiswahili chake ni cha huko. Agosti ya mwaka juzi tulimpeleka kwa nyanya yake Malindi siku sita. Agosti iliyopita tukaenda Lamu siku saba. Mtoto yule yule, wazazi wale wale, na pesa zile zile ambazo hazikutosha mara zote mbili.

Bahari ya Agosti si bahari ya Januari

Picha za Malindi zinazowavuta watu nyingi zimepigwa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Agosti ni kusi. Upepo unapiga mchana kutwa, mawimbi yanapanda, mwani unalala ufuoni mafungu mafungu na maji yanaingia ukungu. Mtu mzima anayetaka kutembea pwani jioni hana shida, hata jua lenyewe si kali. Mwenye shida ni mtoto aliyeahidiwa samaki wa rangi.

Sisi tulimwahidi. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, ni miongoni mwa za mwanzo Afrika, na wana mashua zenye kioo chini ili usiyejua kuogelea nawe uone matumbawe. Jamaa mmoja wa ufuoni akatuapia kwamba maji ni shwari. Kufika kwenye miamba, mashua ikawa inapanda na kushuka kama bembea, na kioo kinaonyesha tui la nazi tu. Binti aliona samaki wawili wenye milia, akashangilia, kisha akatapika juu ya kioo. Babake akafuata. Tuliporudi nyumbani nyanya yake alitutazama, akaendelea kuchambua mchele, akasema, "Si niliwaambia ni kusi." Alituambia kweli.

Kama lazima mwende hifadhini mwezi huo, iwe asubuhi kabla upepo haujaamka, na iwe maji yamekupwa, hapo matumbawe yako karibu na macho. Bebeni vitambulisho, kwa sababu mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na malipo ni kwa simu kupitia eCitizen. Ukienda na noti mkononi utabaki langoni.

Lamu ina kusi ile ile, ila huko visiwa vinakingana. Maji yaliyo kati ya Amu, yaani kisiwa chenyewe cha Lamu, na kisiwa cha Manda yanabaki ya kuchezea hata siku ambayo nje bahari imechafuka. Tulipanda mashua karibu kila siku na hakuna aliyetapika. Tahadhari moja tu: maji kukosa wimbi si kukosa nguvu. Mkondo wa pale maji yanapotoka unamchukua mtu mzima akiwa anacheka. Mtoto avalishwe jaketi la kuokolea kabla mguu haujatoka gatini, na umuulize nahodha mapema kama analo la saizi yake. Tulikuta mashua zenye majaketi mazuri kabisa, yote ya watu wazima, na hilo ukimvalisha mtoto akiingia majini linamvuka kichwani. Ule ufuo mrefu wa kijiji cha Shela nao, kilomita 12 za mchanga na vilima vyake, ukishakiacha kijiji nyuma unakuwa wazi kwa bahari kuu. Pale tulichimba mashimo na kubingirika vilimani. Kuogelea tuliogelea upande wa kijiji.

(Malindi nako kuna Shela, mtaa wa zamani karibu na bahari. Ukimwambia wa tuktuk akupeleke Shela ukiwa Malindi atakupeleka, lakini vilima vya mchanga hutaviona.)

Kwa hiyo kwa maji ya Agosti, Lamu inashinda, na mimi Mmalindi ndiye nasema. Mngekuwa mnauliza kuhusu Februari ningeandika kinyume.

Gede na Takwa

Miji yote miwili ina magofu ya kumpeleka mtoto, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuhusu mtoto kuliko kuhusu magofu.

Gede iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, matatu za Watamu na Mombasa zote zinapita njia panda yake. Ni mji wa Waswahili wa mawe ndani ya msitu, ulihamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtoto wa miaka mitano hayo hayamhusu. Nilimwonyesha kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, nikijiona mwalimu hodari. Akaniuliza kama tutakula saa ngapi.

Kilichomshika ni majina ya nyumba. Waliochimba pale kuanzia 1948, wakiongozwa na James Kirkman, walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Alipoelewa hivyo, uchovu ukaisha. Kila ukuta akawa anataka kujua hapa waliangusha nini. Tukamuuliza nyumba yetu wakija kuichimba wataiitaje. Akafikiri kidogo akasema Nyumba ya Rimoti, maana kwetu rimoti haijawahi kupatikana mahali ilipowekwa. Na kwa nyanya? Nyumba ya Mbuzi. Alikuwa anasema mbuzi ya kukunia nazi, ambayo siku ile asubuhi ndiyo alikuwa ameiona mara ya kwanza maishani mwake na kuikalia. Babake akasema wachimbaji wataipekua Barani yote wakitafuta mifupa ya mnyama.

Kwa hesabu ya saa, Gede ni saa moja na nusu hadi mbili, njia ni tambarare na vivuli ni vingi. Visima vya pale ni virefu kwenda chini, mshike mtoto mkono. Chakula kifungeni ndani ya begi: kima wa pale wamezoea watu, na mmoja alimpokonya binti yetu mahamri kwa adabu kabisa, kama mtu anayechukua chenji yake. Alilia. Sasa ndiyo hadithi anayoisimulia kuliko zote.

Hapo hapo penye magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza vifuko vyao, kiwavi akiwa amejifunga kabla ya kugeuka kipepeo, ng'ambo, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Mtoto anaingia kwenye banda la wavu na vipepeo wanamtua mabegani. Msikimbize hapo. Sisi tulipapangia dakika 15 tukakaa saa nzima.

Takwa ni jambo jingine. Iko upande wa pili wa Manda na ilihamwa karne hiyo hiyo ya 17. Watu wa Shela wanahesabu asili yao huko. Magofu yenyewe ni machache, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, ukuta wa mji, kaburi la nguzo, mibuyu. Dakika 40 umemaliza. Lakini kufika huko ndiyo safari yenyewe, kwa sababu mashua inapita ndani ya mkono wa bahari ulioziba kwa mikoko pande zote mbili, na inapita maji yakijaa tu. Malindi unangoja maji yatoke ndipo uone kitu. Takwa unangoja yajae ndipo ufike. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, nahodha anaweza kukwambia leo haiendeki, na msibishane naye.

Siku tuliyokwenda, mzee nahodha alimnyooshea binti mkono gatini akamwambia, "Ndoo, mwanangu, kaa hapa." Mtoto akasimama. Akaangalia sakafu ya mashua, akaangalia chini ya mbao, akanigeukia: "Mama, ndoo iko wapi? Na huyo kaa?" Mimi nikacheka mpaka nikakaa. Kwetu "ndoo" ni njoo, lakini nyanya yake akizungumza naye hujikaza kusema Kiswahili cha shule, kwa hiyo alikuwa hajawahi kulisikia. Mzee alipoelezwa alicheka naye, na tangu hapo kila tulipopanda alimwita "ndoo isiyo na maji".

Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi tulikawia, na kosa ni letu, tulikuwa tunapiga picha mibuyu. Katikati ya mikoko mashua ikakwaruza, ikagusa, ikakaa. Babake akakunja suruali akashuka kusukuma, akazama matopeni hadi magotini. Nahodha akamwambia arudi, na asishike mizizi kwa sababu chaza walioganda pale wanakata kama wembe. Alishaishika. Tukangoja. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama tope, na tope lile kumbe limejaa kaa wadogo wekundu wenye gando moja kubwa na moja dogo, wanapungia kama watu wanaosimamisha matatu. Binti aliwahesabu mpaka 94, akakosea, akaanza upya. Giza likaingia, maji yakarudi, mashua ikanyanyuka yenyewe bila kelele. Tungekuwa na mtoto wa miaka mitatu usiku ule, mwenye njaa na mbu, nisingeandika kwa furaha hii.

Hukumu yangu ni kwamba magofu ni Gede. Safari ni Takwa. Na ukienda Takwa beba maji na mkate hata kama umeambiwa ni saa mbili tu kwenda na kurudi.

Miguu, punda na tuktuk

Malindi ni mji wa kwenda na kurudi. Kila matembezi yana tuktuk, lango, na mwisho. Mtoto akichoka mnapunga mkono, mko nyumbani. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Asubuhi mnaweza kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi Aprili 1498. Kwa mtoto ni msalaba tu juu ya mwamba, dakika kumi zinatosha, ila upepo wa kusi pale unavutia na mawimbi yanapasuka chini kwa kishindo. Mwambieni badala yake kisa cha twiga. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, mzima, kwa jahazi. Binti yetu alikuwa na maswali kumi na yote yalikuwa ya maana: shingo iliwekwa wapi, alikula nini njiani, na nani alizoa mavi.

Lamu mjini gari hazipenyi. Njia ni vichochoro, na kutembea ndiyo matembezi yenyewe: punda wawili wamebeba mawe ya matumbawe, mtu anapasua samaki, paka kumi wanamngoja. Kwa mtoto wa Nairobi, aliyefundishwa kwamba nje ni hatari, kuachiwa atembee hatua kumi mbele yangu ilikuwa likizo kamili. Punda lakini hawapigi breki. Ukisikia kwato nyuma, mvute mtoto ukutani, ubavu wa punda aliyebeba mchanga ni mpana kuliko unavyodhani. Kuna hospitali ya punda pale ufuoni, tangu 1987, na binti alisimama mlangoni kumtazama mmoja anafungwa bendeji kwa utulivu ambao hajawahi kuuonyesha akifungwa yeye.

Jioni tulikuwa tunakaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome ilimalizika mwaka 1821, ikaja kuwa jela hadi 1984, sasa ina maonyesho na maktaba. Watoto wa mtaa wanaokota kungu chini ya miti na kuzipasua kwa mawe. Siku ya pili binti alikuwa mmoja wao, siku ya tatu akatusahau. Malindi hilo halikutokea. Malindi alicheza na binamu zake tu.

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, nendeni kama mtoto anapenda kuona kitu kinatengenezwa. Wetu alimtazama fundi akipiga kalafati, pamba inasukumwa ndani ya nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, tak tak tak, muda mrefu kuliko katuni yoyote.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: nyumba za mawe za Lamu ni nzuri kuzitazama, lakini ngazi zake ni za mwinuko na nyingine hazina kishikio, na sutuhi nyingi, yaani mapaa bapa ya kukalia, ukingo wake unamfika mtoto kiunoni. Mwenye mtoto mdogo aulize kabla ya kulipa, au achukue chumba cha chini. Sisi usiku wa kwanza tuliziba mlango wa juu kwa sanduku.

Tumbo

Kwa chakula cha mtoto msumbufu, Malindi. Waitaliano wako pale tangu enzi za kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni, miaka ya 1960, na walituachia pitsa na aiskrimu, hapo mtoto hana hoja. Lamu utakula vizuri zaidi wewe: samaki wa kupaka, mkate wa mofa wa moto, sharubati ya ukwaju. Binti alikula mkate wa mofa na maembe siku saba, akanenepa.

Njia na pesa

Kwa sisi wa bara, Malindi ni treni hadi Mombasa kisha kilomita 120 za matatu. Lamu unaongeza basi hadi Mokowe, kilomita 220 hivi kutoka Malindi, halafu mashua ya kuvuka. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami, ila vizuizi vya polisi ni vingi. Safirini mchana, vitambulisho mkononi, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto isikose, na msikilize hali ya usalama wiki ile kabla ya kukata tiketi. Wa ndege anatua Manda na bado atavuka kwa mashua, jambo ambalo binti yetu anaona ni bora kuliko ndege.

Malindi pesa inatoka kidogo kidogo: lango, tuktuk, aiskrimu, lango. Lamu inatoka kwa mkupuo mmoja, kwenye mashua. Tulipata familia ya kutoka Thika iliyolala nyumba ya jirani, tukagawana nahodha kwa siku tatu, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kutoa jibu. Angalieni pia kalenda ya Hijria. Miaka hii Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unaangukia Agosti na Septemba, na wakati wa Maulidi Lamu inajaa pomoni. Ni raha kuona, lakini chumba kitafutwe mapema sana.

Mtoto mwenye pumu au anayeugua ugua, mpelekeni Malindi. Lamu hospitali ipo, lakini saa nane usiku utaifikia kwa miguu au kwa mashua.

Kuunganisha miji yote miwili inawezekana kwa siku kumi. Kwa wiki moja msijaribu, mtoto atakumbuka basi tu.

Marafa sijawaambia. Lile bonde la udongo mwekundu, wa chungwa na mweupe, wenyewe wanaliita Nyari, liko kilomita 30 na ushei kutoka Malindi, na ni la kwenda alasiri jua likilegea. Ningelitaja juu kabisa upande wa Malindi, ila siku tuliyoipanga mvua ilinyesha na njia ya kushuka ikawa utelezi, tukabaki Barani. Nyanya yake akamsimulia badala yake: palikuwa na watu matajiri waliokuwa wakioga kwa maziwa huku jirani zao hawana, mpaka ardhi ikawameza na nyumba yao. Juzi tulipomuuliza Agosti hii anataka Malindi au Lamu, hakungoja tumalize. Anataka Marafa. Anataka kujua kama yale maziwa walikuwa wanayapasha moto kwanza.